Hermann Minkowski na Utaratibu wa Sababu na Matokeo

Wako watu wanaodhani kwamba nadharia ya uhusianifu, aliyoitoa Albert Einstein mwaka 1905, imevunja msingi wa ukweli, hata isijulikane lipi ni la kwanza, sababu au matokeo yake. Dhana hiyo si sahihi. Mmoja wa waliodhihirisha kosa lake ni Hermann Minkowski, aliyekuwa mwalimu wa Einstein.

Minkowski alizaliwa tarehe 22 Juni 1864 karibu na Kaunas, katika nchi ambayo sasa ni Lithuania. Akiwa bado mtoto, wazazi wake walihamia Königsberg. Mwaka 1883, akiwa kijana wa miaka 18, alipata tuzo kuu ya hisabati ya Paris. Alisomesha Bonn, Königsberg na Zürich, na tangu mwaka 1902 Göttingen.

Tarehe 21 Septemba 1908, mjini Cologne, alieleza kwamba mahali na wakati si vitu viwili mbalimbali, bali ni kimoja chenye pande nne: tatu za mahali na moja ya wakati. Kipimo chake ni nuru, iendayo karibu kilometa 300,000 kwa sekunde.

Mathalan, mfanyabiashara akitoka Vwawa asubuhi na kufika Tunduma adhuhuri, matukio hayo yameachana kiwakati, maana mwendo ulio chini ya ule wa nuru umeyaunganisha. Kila mtazamaji, hata aende kwa kasi gani, atakiri kwamba kutoka kumetangulia kufika.

Lakini nuru ya jua hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Mlipuko ukitokea juani, na dakika 2 baadaye lori likavuka mpaka wa Tunduma, matukio hayo yameachana kimahali. Hapo watazamaji huweza kuhitilafiana ni lipi lililotangulia. Wala hapana madhara, kwani hakuna lililoweza kuwa sababu ya mwenzake.

Einstein hakuithamini sana kazi hiyo mwanzoni, lakini baadaye aliitumia kujenga nadharia yake ya mvutano ya mwaka 1915. Minkowski hakuyaona hayo. Aliugua kidole tumbo, akafariki dunia tarehe 12 Januari 1909, akiwa na miaka 44.

Basi msomaji akiambiwa kwamba sayansi imeondoa utaratibu ulimwenguni, na akumbuke somo hili: penye sababu na matokeo, tendo hutangulia daima, na watazamaji wote hushuhudia hivyo.