Wangari Maathai: Mtaalamu wa Veterinari Aliyetoka kwenye Kupe Akafika kwenye Miti

Na Mwandishi Wetu, Pwani

Kibaha huzalishwa chanjo za mifugo; Kisarawe ipo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Kwa wengi, afya ya mnyama na uhai wa msitu ni mambo mawili yasiyohusiana. Maisha ya marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya yanaonesha kuwa ni jambo moja.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisomea biolojia nchini Marekani hadi shahada ya uzamili. Aliporejea nyumbani mwaka 1966, alikuta nafasi ya utafiti aliyoahidiwa amepewa mtu mwingine. Profesa Reinhold Hofmann kutoka Ujerumani ndiye aliyemwajiri katika Idara ya Anatomia ya Veterinari, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Mwaka 1971 alitunukiwa shahada ya uzamivu, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho, na mwaka 1976 akawa mkuu wa idara. Pamoja na mwenzake Vertistine Mbaya, alidai wahadhiri wanawake wapewe stahili sawa na wanaume, ikiwemo nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitafiti ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuua hasa ng'ombe wa kigeni. Akikusanya kupe masikioni mwa ng'ombe vijijini, aliona mengine: mifugo iliyokonda, malisho haba na mito iliyojaa tope kutoka milima iliyokatwa miti. Alitambua kuwa hata kupe wakidhibitiwa, ng'ombe asiye na malisho wala maji hatanusurika.

Tarehe 5 Juni, 1977 alishiriki kupanda miti saba jijini Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walilipwa ujira mdogo kwa kila mche uliostawi, na miti ikafikia mamilioni. Alipigwa na kuwekwa mahabusu kwa kutetea misitu na maeneo ya wazi, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba, 2011.

Kwa maofisa mifugo wanawake wanaowahudumia wafugaji wa Kibaha na Kisarawe, funzo lake liko wazi: chanjo na josho humkinga mnyama dhidi ya maradhi, lakini ni ardhi yenye miti, malisho na maji inayomweka hai.