Mary Breckinridge: Muuguzi aliyefikisha huduma ya uzazi katika milima ya Kentucky

Mwaka 1925, Kaunti ya Leslie katika milima ya mashariki mwa jimbo la Kentucky, nchini Marekani, haikuwa na barabara ya lami, haikuwa na reli, na haikuwa na daktari hata mmoja mwenye leseni anayeishi humo. Wananchi wake walikaa katika mabonde membamba yanayofuata vijito, nyumba moja mbali na nyingine, na mto ulipofurika safari zote zilisimama. Mjamzito aliyepata uchungu alitegemea jirani au mkunga wa jadi. Kifafa cha mimba au kutokwa na damu nyingi kulimaanisha mauti. Katika mazingira hayo ndipo mwanamke mmoja wa miaka 44, mzaliwa wa familia kubwa ya kisiasa, alipoamua kuweka makazi na kuanzisha utaratibu wa afya ambao hadi leo unatajwa kila inapojadiliwa namna ya kumfikishia mwananchi wa kijijini hospitali iliyo mbali naye.

Mary Breckinridge alizaliwa tarehe 17 Februari, 1881 mjini Memphis, jimbo la Tennessee. Babu yake, John C. Breckinridge, aliwahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Baba yake, Clifton Breckinridge, alikuwa mbunge wa jimbo la Arkansas na baadaye mwakilishi wa nchi yake nchini Urusi, hivyo binti huyo alikulia katika nyumba za kidiplomasia na kusomeshwa na walimu wa nyumbani, kisha katika shule za Uswisi na Connecticut. Malezi ya namna hiyo, kwa mwanamke wa tabaka lake, yalikusudia ndoa njema na si kazi ya mshahara.

Aliolewa mwaka 1904, na mwaka 1906 mumewe akafariki dunia. Ndipo alipojiunga na chuo cha uuguzi cha Hospitali ya St. Luke's mjini New York, akahitimu mwaka 1910. Aliolewa tena mwaka 1912 na mkuu wa chuo kimoja cha wasichana huko Arkansas. Mtoto wao wa kwanza, aliyeitwa Breckie, alizaliwa mwaka 1914. Wa pili, Polly, alizaliwa kabla ya wakati mwaka 1916 na hakuishi zaidi ya saa chache. Mwaka 1918 Breckie naye akafariki akiwa na umri wa miaka minne. Ndoa ilivunjika rasmi mwaka 1920, naye akarejea kutumia jina la ukoo wake. Wanaoandika habari zake hupenda kueleza maisha yake yote kwa misiba hiyo miwili, na bila shaka ilimgusa sana. Lakini wajane na wazazi waliofiwa walikuwa wengi Marekani ya wakati ule, na walioanzisha huduma ya afya ya kaunti nzima walikuwa wachache mno. Kilichomtofautisha ni mafunzo aliyoyatafuta baadaye, kwa subira isiyo ya kawaida.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ufaransa na kamati ya Wamarekani iliyokuwa ikisaidia maeneo yaliyoharibiwa na vita. Katika vijiji vya Aisne alisimamia lishe ya watoto na akina mama wajawazito, akaomba wahisani wa nyumbani wachangie mbuzi wa maziwa, na akapanga wauguzi watembelee kaya badala ya kungoja wagonjwa waje. Huko alikutana na wauguzi wa Kiingereza waliokuwa pia wakunga. Marekani haikuwa na mtu wa namna hiyo. Muuguzi alikuwa muuguzi, na ukunga uliachwa kwa bibi wa kijijini au ulidaiwa na madaktari kuwa kazi yao. Breckinridge aliona kwamba pengo la vijijini lingeweza kuzibwa na mtumishi mmoja mwenye taaluma zote mbili.

Hakuanza mara moja. Aliporejea alisoma afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia, kisha katika majira ya joto ya mwaka 1923 alipanda farasi na kuzunguka kaunti tatu za milimani, Leslie, Knott na Owsley, akiwatembelea wakunga wa jadi nyumbani kwao. Aliandika umri wao, vifaa vyao na desturi zao. Wengi walikuwa wazee, wasiojua kusoma, na waliifanya kazi hiyo kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Baada ya hapo alivuka bahari kwenda London, akaingia darasani akiwa na zaidi ya miaka 40 katika hospitali ya uzazi ya Woolwich, na akapata cheti cha ukunga cha Uingereza.

Mwaka 1924 alitembelea nyanda za juu na visiwa vya Scotland. Huko, tangu mwaka 1913, fedha za serikali zilikuwa zikitumika kuwafidia madaktari na wauguzi waliokubali kuishi miongoni mwa watu wachache, maskini na waliotawanyika, ambao ada zao peke yake zisingeweza kumlisha daktari. Wauguzi waliwekwa wilayani, daktari akawa nyuma yao, na hospitali ndogo ikawa nyuma ya daktari. Mfumo huo ndio aliounakili.

Tarehe 28 Mei, 1925, katika mji mkuu wa jimbo, Frankfort, aliitisha mkutano ulioanzisha Kamati ya Kentucky ya Akina Mama na Watoto Wachanga. Mwaka 1928 jina lilibadilishwa kuwa Frontier Nursing Service. Wauguzi wakunga wawili wa kwanza, Edna Rockstroh na Freda Caffin, walifungua kliniki mjini Hyden, makao makuu ya Kaunti ya Leslie, na Breckinridge akajenga nyumba ya magogo huko Wendover, kando ya mto, iliyokuwa makazi yake na ofisi kuu ya shirika.

Kazi iligawanywa kwa umbali ambao farasi aliweza kuumudu. Kila kituo kilihudumia eneo la takriban kilomita nane kila upande, na kwa miaka michache vituo sita vilisambaa katika eneo la takriban kilomita za mraba 1,800. Muuguzi alibeba mifuko ya tandiko ya aina mbili: mmoja wa uzazi, mwingine wa matibabu ya kawaida. Alimwandikisha mjamzito mapema, akamtembelea hadi siku ya kujifungua, na akaendelea kumwangalia yeye na mtoto baada ya hapo. Kanuni ilikuwa kwamba mume akiweza kufika kumwita muuguzi, muuguzi naye lazima aweze kufika kwa mke, iwe usiku, kwenye barafu au mto ukiwa umejaa. Njiani aliwachanja watoto dhidi ya homa ya matumbo, dondakoo na ndui, akatibu minyoo ya safura, na akazieleza familia umuhimu wa choo na kisima safi.

Kabla ya kituo chochote kujengwa, wananchi wa bonde husika waliitwa kwenye mkutano na kuunda kamati yao. Wao ndio waliotoa mbao, mawe na nguvu kazi. Ada ilikuwa dola 5 kwa huduma yote ya uzazi na dola 1 kwa mwaka kwa kaya nzima kwa uuguzi wa kawaida, na asiyekuwa na fedha taslimu alilipa kwa lishe ya farasi, kuni au siku za kazi. Hakuna aliyerudishwa kwa kukosa ada.

Mwezi Juni 1928 hospitali ya mawe ilifunguliwa juu ya mlima unaoutazama mji wa Hyden. Aliyekuja kuizindua ni Sir Leslie MacKenzie, mmoja wa waasisi wa mpango ule wa Scotland, aliyesafiri na mkewe hadi milimani humo. Kwa mara ya kwanza mama mwenye uzazi pingamizi alikuwa na mahali pa kupelekwa bila kuvuka kaunti.

Fedha ndiyo iliyokuwa shida ya kudumu. Miaka mitatu ya kwanza Breckinridge alitumia urithi alioachiwa na mama yake. Baada ya hapo alitegemea wahisani wa New York, Boston, Chicago na Louisville, akiwafuata kila mwaka kwa hotuba na kwa jarida la shirika. Mabinti wa familia tajiri walikaribishwa kuja kwa miezi kadhaa kuhudumia farasi na kupeleka ujumbe bila malipo. Waliporudi kwao wakawa watetezi wa shirika mezani kwa baba zao. Binamu yake, Marvin Breckinridge, alipiga filamu ya wauguzi hao iliyooneshwa kuanzia mwaka 1931. Serikali ya Shirikisho ilikuwa imetunga sheria ya kusaidia afya ya mama na mtoto mwaka 1921, lakini ufadhili wake ulikoma mwaka 1929, mwaka uleule soko la hisa lilipoporomoka. Michango ikapungua, mishahara ikakatwa. Mwezi Novemba 1931 Breckinridge mwenyewe alianguka kutoka kwenye farasi na kuvunjika uti wa mgongo; tangu hapo alivaa mkanda wa chuma mgongoni, na akaendelea kuchangisha.

Kilicholiokoa shirika mbele ya wahisani kilikuwa takwimu. Tangu mwanzo alisisitiza kumbukumbu za kila mgonjwa zitunzwe, na mwaka 1932 Louis Dublin, mtakwimu wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life, alitoa taarifa ya uchambuzi wa wazazi 1,000 wa kwanza waliohudumiwa. Hakuna mama aliyekufa kutokana na ujauzito wenyewe au kujifungua. Wakati huo Marekani nzima ilikuwa ikipoteza zaidi ya akina mama 60 katika kila vizazi hai 10,000. Dublin alikadiria kuwa huduma ya namna hiyo ikitolewa nchi nzima ingeokoa maisha ya akina mama 10,000 kila mwaka. Haikutolewa nchi nzima.

Habari zake zina upande mwingine ambao haufai kufichwa. Ili kuwashawishi matajiri, Breckinridge aliwasifu wakazi wa milimani kuwa ni kizazi halisi cha Waingereza wa kale, na wanahistoria wameonesha kuwa alishikilia mawazo ya ubaguzi wa rangi ya tabaka lake la Kusini hadi uzeeni. Akina mama weusi wa Marekani, ambao vifo vyao vya uzazi vilikuwa vingi kuliko vya weupe, hawakuwa katika picha aliyoiuza. Utaratibu aliouanzisha ungewafaa wao vilevile, na pengine zaidi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, wengi wa wauguzi wakunga kutoka Uingereza waliondoka kwenda kuitumikia nchi yao. Badala ya kufunga vituo, mwezi Novemba mwaka huohuo shirika lilifungua chuo chake lenyewe cha ukunga, kikianza na wanafunzi wawili. Baada ya vita magari ya jipu yalichukua nafasi ya farasi kidogo kidogo, barabara zikafika, na akina mama wengi zaidi wakajifungulia hospitalini Hyden. Mwaka 1952 alichapisha kitabu cha maisha yake, Wide Neighborhoods, ambacho mauzo yake yaliingia katika mfuko wa shirika.

Mary Breckinridge alifariki dunia Wendover tarehe 16 Mei, 1965, akiwa na umri wa miaka 84. Hakuwahi kuacha ukurugenzi. Mwezi Julai mwaka huohuo sheria za Medicare na Medicaid zilitiwa saini, na mkazi maskini au mzee wa Kaunti ya Leslie akawa na mlipaji wa umma nyuma yake. Hospitali mpya yenye jina lake ilifunguliwa Hyden mwaka 1975 na bado inahudumia wananchi, ingawa sasa iko chini ya mtandao wa hospitali za ukanda wa Appalachia. Chuo kilichoanza na wanafunzi wawili leo ni chuo kikuu kinachofundisha wauguzi wakunga kutoka majimbo yote ya Marekani, na wengi wao husoma wakiwa wanaendelea kuishi vijijini kwao.