Frances Perkins: Mwanamke aliyeshuhudia moto wa kiwanda, akawapa Wamarekani pensheni

Machi 25, 1911, Frances Perkins alikuwa anakunywa chai kwa rafiki yake jijini New York, ghafla zikasikika kelele za moto. Akatoka mbio kwenda kuangalia.

Kiwanda cha nguo cha Triangle, ghorofa ya 8 mpaka ya 10, kilikuwa kinateketea. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na ngazi za zimamoto hazikufika juu. Aliwaona wafanyakazi wakijirusha kutoka madirishani.

Watu 146 walikufa, wengi wao mabinti wahamiaji waliokuwa wanategemewa na familia zao. Perkins alikuwa na miaka 30, na tangu siku hiyo hakuwa mtu yule yule tena.

Alizaliwa Boston mwaka 1880. Chuoni alisoma fizikia, lakini moyo ulimvuta kwingine. Alijitolea Hull House, Chicago, nyumba iliyokuwa inasaidia wahamiaji maskini, na huko akajionea kuwa mtu anaweza kufanya kazi kutwa nzima na bado akalala njaa.

Baada ya moto ule, alishiriki kukagua viwanda vya New York, na kazi hiyo ikazaa sheria mpya za usalama kazini.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Mumewe, Paul Wilson, alipata maradhi ya akili, akawa anaingia na kutoka hospitali. Mzigo wa kumlea binti yao na kutafuta hela ukamwangukia mama. Familia kuyumba kwa sababu baba hana kipato hakukuwa habari ya kusimuliwa kwake.

Orodha yake kwa Roosevelt

Mwaka 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na ajira. Rais mteule Franklin Roosevelt akamtaka awe Waziri wa Kazi. Perkins hakukubali hivi hivi, alikuja na orodha: kima cha chini cha mshahara, mwisho wa ajira ya watoto, pensheni za wazee, fidia kwa waliokosa kazi na bima ya afya. Roosevelt akaridhia. Perkins akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani.

Mwaka huo huo serikali ilianza kuwachukua vijana kutoka familia zisizojiweza, wakapelekwa kambini kupanda miti na kutengeneza barabara. Wizara yake ndiyo iliyosimamia kuwachagua. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na karibu dola 25 zilitumwa moja kwa moja kwa familia. Yaani kijana yuko porini, na nyumbani wanakula.

Agosti 1935 ikapita sheria ya hifadhi ya jamii, iliyotokana na kazi ya kamati aliyoiongoza: pensheni za wazee, fidia kwa wasio na kazi na msaada kwa watoto wenye shida. Mwaka 1938 kikaja kima cha chini, senti 25 kwa saa.

Walioachwa nje

Lakini sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani. Kamati yake ilitaka nao waingizwe kwenye pensheni, Bunge likawaondoa. Hapo ndipo walipokuwa wengi wa wafanyakazi weusi, hasa Kusini. Wengi wao waliingizwa miaka ya 1950, yeye akiwa ameshatoka wizarani.

Bima ya afya kwa wote, iliyokuwa kwenye orodha yake, hakuipata kabisa.

Aliondoka wizarani 1945 baada ya miaka 12, akaishia kufundisha chuo kikuu. Alifariki Mei 14, 1965, akiwa na miaka 85. Pensheni aliyoipigania bado inalipwa kila mwezi kwa mamilioni ya wazee wa Marekani.