Conny Plank na Studio Yake ya Kijijini

Wengi wetu hudhani kwamba kazi kubwa haitendeki ila mjini. Maisha ya Bwana Conny Plank, Mjerumani, yanatufundisha vingine.

Plank alizaliwa tarehe 3 Mei, 1940, katika kijiji cha Hütschenhausen, kusini-magharibi ya Ujerumani. Alipokuwa kijana alijifunza ufundi wa kunasa sauti, akafanya kazi katika studio za watu wengine upande wa Köln. Huko kila saa ililipiwa, na vijana wa muziki wa roki waliotaka kujaribu sauti mpya hawakupata nafasi ya kutosha.

Basi mwaka 1974 alifungua studio yake mwenyewe katika shamba la zamani, kijijini Wolperath, si mbali na Köln. Wanamuziki waliokwenda huko walikaribishwa nyumbani, wakala meza moja na jamaa yake. Mpishi alikuwa mwenzake, Bibi Christa Fast. Plank hakuwasha mitambo na kungoja tu, bali aliitumia kama ala ya muziki, akichanganya mwangwi na kelele mpaka sauti ngeni ipatikane.

Mwaka huo huo alisaidia kundi la Kraftwerk kutengeneza santuri ya Autobahn, iliyovuma mpaka Marekani. Kisha kundi hilo likaenda zake, na sifa nyingi zikaenda nalo. Plank hakukata tamaa. Chema chajiuza: mwaka 1978 Devo walitoka Marekani na Ultravox wakatoka Uingereza kumfuata kijijini. Eurythmics nao walirekodi huko santuri yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1981, kabla hawajajulikana.

Desemba 1987 Plank alifariki kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 47. Mwanawe, Stephan, alikuwa na miaka 13 tu. Bibi Christa aliendelea kuitunza studio mpaka alipofariki mwaka 2006. Mwaka 2017 ilitoka filamu ya Stephan, ambamo aliwazungukia wanamuziki wale kuwauliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, kwani wao walikuwa wamekaa naye studioni usiku na mchana.

Ndugu wanafunzi, mimi natoka kijijini, na baada ya mtihani wengi wetu tutakimbilia mjini. Tukumbuke kwamba ukiwa fundi hodari, mji utakufuata uliko. Tena tukumbuke kwamba watu wa nyumbani nao wanazihitaji saa zetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne