Tigran Petrosian: Bingwa Aliyejua Kutofungwa

Nikiwa TP kwenye shule moja wilayani Mbinga nilianzisha klabu ndogo ya chesi. Ubao mmoja, na askari mmoja kapotea, tunaweka kifuniko cha soda. Karatasi yangu ya matokeo ilihesabu kitu kimoja tu: ushindi. Kijana mmoja kutoka kule ziwani, upande wa Lituhi, akawa wa mwisho. Amepanga chumba mtaani, hivyo lazima apike kwanza ndo aje. Akifika wenzake wameshachukua kete nyeupe, yeye anabaki na nyeusi. Michezo sita, sare sita. Hajafungwa hata mmoja, na mimi mwalimu mtarajiwa nimemweka mkiani!

Hapo nikamkumbuka Petrosian.

Alizaliwa Tbilisi, Georgia, tarehe 17 Juni 1929, katika familia ya Kiarmenia. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaendelea akabaki yatima, akafagia barabara ili apate riziki. Masikio yake nayo yalikuwa mazito. Chesi ilimtoa Tbilisi, ikampeleka Yerevan, kisha Moscow.

Uchezaji wake ulikuwa wa kuzuia. Hatari aliiziba kabla haijafika. Aliyepita milima ya Umatengo ameona mashimo ya ngoro: mkulima anayaandaa mapema, mvua ikija maji yanatulia shimoni na udongo unabaki shambani. Hakuna anayepiga makofi kwa udongo ambao haukuondoka. Petrosian naye wapo waliomwona mchezaji wa kuchosha, mtu wa sare.

Lakini tazama Zurich, 1953. Anacheza nyeusi dhidi ya Reshevsky wa Marekani, amebanwa kweli kweli. Akaisogeza ngome yake mahali ambapo askofu wa mpinzani angeweza kuila. Ililiwa. Kwa hasara hiyo farasi wake akapata nafasi ya kusimama imara katikati ya ubao, na mashambulizi ya nyeupe yakaishiwa nguvu. Matokeo: sare. Mpaka leo mchezo huo unafundishwa.

Mwaka 1962 kule Curaçao alicheza michezo 27 bila kufungwa. Mwaka 1963 akamshinda Botvinnik akawa bingwa wa dunia: alishinda 5, akafungwa 2, sare 15. Akautetea ubingwa mbele ya Spassky mwaka 1966, akaupoteza kwake 1969. Katika Olimpiadi za chesi alicheza michezo 129 na kufungwa mmoja tu, mwaka 1972, tena kwa kuishiwa muda. Alifariki Moscow tarehe 13 Agosti 1984.

Sasa mtu kama huyo unampimaje? Nyeupe ndiyo inayoanza, na kwenye michezo mingi ya mashindano huvuna takriban pointi 54 au 55 kati ya 100. Nyeusi inabaki na 45 hivi. Kwa hiyo kati ya wawili wanaolingana, sare ukiwa na nyeusi si matokeo mabaya, umepata zaidi kidogo ya ulichotarajiwa. Hata viwango vya Profesa Arpad Elo, vilivyoanza kutumiwa na shirikisho la chesi la dunia mwaka 1970, haviulizi ulikuwa na rangi gani. Ukitaka kujua nani anajua kujilinda, itengee nyeusi safu yake, hesabu na aliofungwa, halafu angalia alicheza na nani.

Nilichora karatasi upya. Yule kijana alikuwa na pointi 3 kati ya 6, asilimia 50, zote kwa nyeusi. Hakuna mwingine aliyefikia hapo kwa rangi hiyo. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake, tukakubaliana kupokezana rangi.

Wiki iliyofuata akakaa na nyeupe kwa mara ya kwanza. Akatoka sare tena. Darasa zima likacheka, na yeye akacheka.

Ila wenzangu wa ualimu, kabla hatujaandika nani wa mwisho, tuulize kwanza alianza na kete zipi.