Idi Amin na Fedha ya Serikali

Muhula uliopita nilipangwa katika chama chetu cha mjadala kusema upande wa wale wanaodai kwamba Idi Amin aliiletea nchi maendeleo. Upande huo sikuuchagua mimi. Mwalimu aliweka vikaratasi katika kofia nami nikachomoa hicho. Basi nikatafuta habari zake katika vitabu na kwa wazee wa Arua na Koboko, maana huku West Nile kila mzee ana habari za mtu huyo, na kila mmoja anazo zake. Mjadala tulishindwa. Lakini niliyoyapata naona si vema yabaki katika daftari langu.

Mahali alipozaliwa hapajulikani kwa hakika. Wengine husema Koboko, wengine Kampala, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1925. Baba yake alikuwa Mkakwa, na Koboko ni nchi ya Wakakwa. Mama yake alikuwa Mlugbara, kabila la hapa Arua. Shule hakusoma sana. Mwaka wa 1946 aliandikwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia mpishi jikoni.

Jambo hili la jeshi si la ajabu kwa kijana wa West Nile wa siku zile. Serikali ya Waingereza ilijenga reli, viwanda na mashamba makubwa upande wa kusini, na huku kwetu ikaja kutafuta watu. Kijana aliyetaka fedha ya kodi au ya mahari alikuwa na njia mbili: kwenda kukata miwa Buganda na Busoga, au kuvaa sare. Wazee wawili niliowauliza kule Koboko walikuwa na baba zao wote katika njia hizo mbili, mmoja huku na mwingine kule. Amin alikwenda njia ya sare, akawa askari hodari na mwenye nguvu, akapigana Kenya wakati wa Mau Mau, akawa bingwa wa ngumi wa Uganda uzito wa lightheavy kuanzia mwaka wa 1951 hata 1960. Mwaka wa 1961 akapewa cheo cha luteni, mmoja wa watu wawili wa kwanza wa Uganda kupata uofisa.

Habari yake ya kwanza ya fedha ilitoka mpakani kwetu. Mwaka wa 1965 wapinzani wa serikali katika Kongo walisaidiwa na Uganda, na dhahabu na pembe za ndovu zikavuka kuja upande huu. Mwezi wa Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama Bungeni akidai kwamba fedha nyingi zimeingia katika hesabu ya benki ya Amin, naye akataka uchunguzi. Badala ya Amin kuondolewa, Obote akampandisha cheo. Nadhani hapo Amin alijifunza kwamba kitabu cha hesabu hakimfungi mtu mwenye bunduki, lakini hayo ni mawazo yangu tu.

Tarehe 25 Januari 1971 akaipindua serikali. Askari walisoma redioni sababu 18 za kufanya hivyo. Nilizisoma zote, na nilishangaa kuona kwamba nyingine zahusu mambo ya sokoni: kodi kubwa, bei ya vyakula kupanda, vijana kukosa kazi. Watu walishangilia barabarani, na sasa naelewa kwa nini. Lakini sababu nyingine zilikuwa manung'uniko ya jeshi juu ya nyumba na vyombo vyake, na katika zote 18 hizo ndizo zilizotimizwa upesi. Jeshi likaongezwa, likanunuliwa silaha na ndege, na fedha zilizokuwa za hospitali na barabara zikafuata huko.

Joseph Mubiru, gavana wa kwanza wa Benki ya Uganda aliyekuwa mwenyeji wa nchi, aliondolewa kazini mwaka wa 1971, na mwaka wa 1972 akauawa. Waziri wa Fedha, Emmanuel Wakhweya, alikimbilia London mwaka wa 1975. Mnamo mwaka wa 1973 noti mpya zilitoka zenye picha ya Amin mwenyewe.

Sasa nieleze kidogo jinsi noti zinavyopoteza nguvu, kwa sababu katika mjadala niliona wenzangu wengi hawakuelewa, hata mimi nilikuwa hivyo. Mwezi wa Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa askari na rafiki zao. Watu hao waliitwa mafuta mingi. Wengi wao waliuza kilichokuwa rafuni, na kilipokwisha hawakujua kilikuwa kikiagizwa wapi wala kwa barua gani. Mwaka wa 1970 nchi ilikuwa ikitengeneza zaidi ya tani 140,000 za sukari. Alipoondoka Amin viwanda vya Kakira na Lugazi vilikuwa karibu kimya. Pamba ilikuwa imepita marobota 400,000 mwaka wa 1970, nayo ikaanguka vivyo hivyo. Kodi basi ikapungua, maana duka tupu halilipi kodi. Lakini askari hawakupungua. Serikali ikakopa kwa Benki ya Uganda, yaani ikapiga chapa noti ikajilipia. Noti zikawa nyingi, sukari ikawa chache, na kila kilo ya sukari ikafuatwa na noti nyingi zaidi kuliko jana. Wataalamu huita jambo hilo mfumuko wa bei. Mtu wa kwanza kuipokea noti mpya, yaani askari na mwenye kandarasi, hununua kwa bei ya zamani; wa mwisho, yaani mkulima wa tumbaku wa Koboko, hununua kwa bei mpya. Hiyo ni kodi, ila haina risiti.

Serikali iliweka bei kwa amri, na mwaka wa 1975 ikaunda mahakama za askari za kuwahukumu wafanya magendo. Bidhaa zikazidi kujificha. Kahawa ilivuka mpaka usiku, na huku kwetu njia za Kongo na Sudan, ambazo hazina mlango, zikawa ndilo soko.

Halafu bahati ikaja. Mwaka wa 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, na miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapanda mno. Kahawa ndiyo ilikuwa karibu mali yote ya Uganda ya kuuza nje. Nilipofika hapo katika vitabu nilifurahi, nikidhani nimepata hoja ya kushinda: lazima kuna shule au barabara iliyojengwa kwa fedha ile! Nilizopata ni ndege zilizotoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zimejaa wiski, redio na saa kwa ajili ya maofisa wa jeshi.

Na huku kwetu je? Hili ndilo swali lililonifanya nifunge safari mpaka Koboko, kwa kuwa watu wa kusini hufikiri kwamba West Nile ilikula fedha ya Amin. Ni kweli Arua ilifanywa makao makuu ya Jimbo la Nile. Ni kweli kituo cha simu za setelaiti kilijengwa Ombaci, nami nilikitaja kwa sauti kubwa katika mjadala. Kiswahili nacho alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka wa 1973, jambo ambalo mwalimu wetu wa Kiswahili hulisema kila mwaka. Na wana wetu wengi waliingia jeshini wakapata mishahara. Lakini mwenzangu wa upande wa pili aliniuliza treni inaishia wapi. Reli ilifika Pakwach mwaka wa 1964, kabla ya Amin, na katika miaka yake minane haikusogea hatua moja kuelekea Arua. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupita Arua na Koboko hadi Oraba ilijengwa katika miaka ya 2010, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtambo wa umeme wa maji wa Nyagak ulianza mwaka wa 2012. Rais aliyetoka kwetu alitujengea kambi. Sikuwa na jibu, nikakaa.

Mwisho wake unajulikana. Oktoba 1978 askari wake waliingia Tanzania, Kagera. Majeshi ya Tanzania na ya Wauganda waliokuwa uhamishoni yakajibu, yakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, yakafika huku kwetu kabla ya katikati ya mwaka. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudia, akafa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko. Waliouawa katika utawala wake hukadiriwa na wengi kufika 300,000. Watu wa West Nile, ambao wengi hawakupata kwake hata gunia la chumvi, walikimbia kwa maelfu kwenda Sudan na Zaire wakiogopa kisasi; na kisasi kilikuja, hata katika misheni ya Ombaci, tarehe 24 Juni 1981.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa msichana aliyeolewa karibuni wakati huo. Alivuka kwenda Sudan na kopo la maziwa ya unga lililojaa noti za mauzo ya mbuzi na ya tumbaku ya mumewe. Mwezi wa Oktoba 1979 noti zenye picha ya Amin ziliondolewa zikaletwa nyingine. Habari hiyo ilimkuta kambini, muda wa kubadili umekwisha. Aliporudi nyumbani alirudi na kopo lile lile.

Alinipa niende nalo kwenye mjadala. Baada ya kushindwa tulizihesabu mezani, mimi na yule mwenzangu wa upande wa pili: noti 17 za shilingi mia na 2 za ishirini, jumla shilingi 1,740. Yeye ni hodari wa hesabu. Alisema hata kama bibi angezibadili zote sawa kwa sawa mwaka wa 1979, mwaka wa 1987 serikali ilikata sifuri mbili katika shilingi, kila mia ikawa moja, kwa hiyo angebakiwa na shilingi 17 na senti 40. Leo hazitoshi kununua hata kiberiti kimoja. Jumamosi nilimrudishia kopo lake. Alizihesabu tena mwenyewe, noti moja moja, kabla ya kulifunika.