Mkulima Aliyerusha Eropleni

Wasomaji wa Arusha na Meru, yafaa mjue habari za Tom Campbell Black. Alizaliwa Uingereza mwaka 1899. Katika vita ya 1914 hadi 1918 alikuwa mrusha eropleni wa jeshi. Vita ilipokwisha akaja Kenya, akalima pamoja na nduguye huko Rongai. Walakini jembe halikumtosha. Kampuni ya Wilson Airways ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1929, akaingia kazini humo.

Mwaka 1931 Ernst Udet, Mjerumani aliyeangusha eropleni 62 vitani, alikuwa akirejea kwao baada ya kupiga picha za wanyama katika nyika zetu za Tanganyika. Akakwama jangwani, upande wa mto Naili. Aliyemwona na kumwokoa ni Campbell Black. Miaka kumi na mitatu kabla yake, wawili hawa walikuwa adui.

Mwaka 1934 yeye na C. W. A. Scott waliruka toka Uingereza mpaka Melbourne kwa muda wa saa zipatazo 71, wakawashinda wote.

Tarehe 19 Septemba 1936, katika kiwanja cha Liverpool, eropleni yake ingali chini, eropleni ya jeshi iliyokuwa ikitua ilimgonga, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 36.